Bei ya Plagi Imefuta Feni Belti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza lugha ya kuandikia programu ya C, na nimemtengenezea mjomba wangu mwenye duka la vipuri Gerezani programu ndogo ya kutunza bidhaa zake. Kila rekodi ni struct, yaani fungu la data, yenye jina la herufi 40, idadi na bei, zote mbili zikiwa int (namba kamili). Juzi nililifungua faili kwa "r+b" (kusoma na kuandika), nikasoma rekodi ya tatu, ambayo ni plagi, nikabadili bei, kisha nikaiandika kwa fwrite. Plagi imebaki na bei ya zamani, na feni belti iliyokuwa ya nne imetoweka. Mahali pake pana plagi nyingine. Nimekosea wapi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Hukukosea katika kubadili bei, bali katika mahali pa kuiandika. Faili lililofunguliwa huwa na alama moja tu ya nafasi, inayotumika kwa kusoma na kwa kuandika, nayo husogea mbele kila unaposoma au kuandika baiti. Ikiwa int ina baiti 4, kama ilivyo katika kompyuta nyingi, rekodi yako ina baiti 48. Ukihesabu baiti kuanzia 0, ya tatu inaanzia baiti ya 96 na ya nne baiti ya 144. Ulipomaliza kusoma plagi, alama ilikwishafika 144, na hapo ndipo fwrite ilipoandika.

Kabla ya kuandika, irudishe alama nyuma kwa rekodi moja kutoka ilipo (SEEK_CUR), kwa kutumia fseek, amri ya kusogeza alama, hivi:

fseek(f, -(long)sizeof(struct bidhaa), SEEK_CUR);

Usiiache hiyo (long), kwa sababu jibu la sizeof, yaani ukubwa wa rekodi kwa baiti, ni namba isiyojua hasi, na ukiitanguliza alama ya kutoa utapata namba chanya kubwa ajabu. Binafsi napendelea SEEK_SET, yaani kuhesabu tangu mwanzo wa faili: rekodi ya n huanzia (n - 1) mara ukubwa wa rekodi, na huhitaji kukumbuka alama iliachwa wapi. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha fseek imerudisha 0, yaani imefaulu. Isiporudisha 0, usiandike chochote.

Lipo jambo la pili ambalo wengi hulipita. Katika faili la kusoma na kuandika, kanuni za C hazikuruhusu kuandika mara tu baada ya kusoma bila kuita kwanza mojawapo ya amri za kuweka alama, yaani fseek, fsetpos au rewind, isipokuwa usomaji uwe umegota mwisho wa faili. Na ukitoka kuandika kwenda kusoma, ita mojawapo ya hizo au fflush, amri ya kusukuma yaliyoandikwa yaingie kwenye faili. Kwa hiyo hata alama ikiwa tayari mahali pake, ita fseek(f, 0, SEEK_CUR). Ukipuuza, programu inaweza kukubali kwenye kompyuta yako na kuharibu hesabu kwenye ya mjomba, na kosa la namna hiyo husumbua sana kulitafuta.

Usijaribu kukwepa haya kwa kulifungua faili kwa "a+b" (kuongeza mwishoni), maana humo kila maandishi huenda mwisho wa faili, hata ukiisogeza alama kwa fseek.

Feni belti yenyewe haimo tena ndani ya faili, kwa kuwa baiti zake 48 zimeandikiwa juu. Nakili faili kwanza, mwulize mjomba idadi na bei yake, kisha uiandike upya kuanzia baiti ya 144.