Jibu: The Hives, nianzie albamu ipi?
Salama mkuu. Unasema umeanza na albamu yao ya 2007, ukaona imepigwa msasa mno na gitaa halikwaruzi. Ni kweli, lakini usiwaache The Hives, hawa jamaa wa bendi ya roki kutoka mji wa Fagersta, Sweden. Rudi kwenye Veni Vidi Vicious ya 2000. Haifiki hata nusu saa. Cheza kwanza "Hate to Say I Told You So", tena kwa sauti kubwa: gitaa linaanza peke yake, na baadaye katikati vyombo vinanyamaza, besi inabaki ikinguruma, halafu mwimbaji wao Pelle Almqvist anapiga ukelele. Mimi nilinasia hapo. Ukiipenda, nenda ya 2004, kisha ruka hadi ya 2023, waliyoitoa baada ya miaka 11 bila albamu. Makali yamerudi!