Kanzu Iliyovimba: Nilivyojifunza Kuweka Vivuli kwenye Wahusika Wadogo wa Pikseli

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji anayechora wahusika wa gemu kwa pikseli, yaani vile vinukta vya mraba vinavyounda picha kwenye skrini. Aliambatisha picha ya askari mwenye kimo cha pikseli 32, akauliza kwa nini, licha ya kutumia rangi nyingi na kukesha siku tatu, askari wake anaonekana kama amejazwa upepo. Nilipoifungua picha ile nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu kosa lililomo nalijua vizuri mno. Limewahi kuninyima kazi.

Miaka michache iliyopita nilipeleka michoro sita kwa kikundi kidogo cha watengeneza gemu kilichokuwa kikitafuta mchoraji. Mchoro niliouthamini kuliko yote ulikuwa wa muuza kahawa: mzee wa kanzu nyeupe na kofia, dele la shaba mkono mmoja, vikombe mkono wa pili. Kanzu peke yake niliipa rangi saba, kuanzia kijivu kizito pembeni hadi nyeupe kabisa katikati ya kifua, na niliamini kwamba mtu yeyote mwenye macho angeiona kazi iliyotumika pale. Jibu lilikuja baada ya siku 11, nalo lilikuwa sentensi moja: wahusika wako wanafanana na mito ya kulalia. Hapakuwa na asante wala pole. Mwezi mzima sikuigusa programu ya kuchorea, na nakiri kwamba hata leo tangazo la gemu yao likinitokea kwenye simu, kidole hulipita haraka.

Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba hawakuwa wamebuni tusi. Wachoraji wa pikseli wa nchi nyingi huliita kosa hilo kwa jina la mto, na jina linastahili. Mchoraji hufuata mstari wa nje wa umbo, akaweka giza pembeni pande zote, kisha akaendelea kung'arisha pete kwa pete hadi katikati. Matokeo yake ni mwanga usiotoka popote, na mwili usio na upande wa kulia wala wa kushoto. Mzee wangu hakuwa amevaa kanzu. Alikuwa ni kanzu iliyoshonwa na kujazwa sufi.

Dawa niliipata barazani, bila kuitafuta. Ilikuwa jioni, umeme upande wetu umekatika, na taa pekee ilikuwa ya duka la ng'ambo ya barabara lenye jenereta. Muuza kahawa alisimama kati yetu na taa ile, kidogo upande, akimimina. Bega lake la kushoto lilikuwa jeupe kabisa. Upande wa kulia wa kanzu haukuwa kijivu hata kidogo, bali ulielekea buluu, na chini ya mkono ulioshika dele palikuwa na giza lililokatika ghafla, ambalo ndilo lililoufanya mkono uonekane uko mbele ya tumbo. Dele nalo lilikuwa na tabia yake: mstari mmoja mwembamba wa mwanga mkali, ambao haukukaa ukingoni bali umeingia ndani kidogo, ukipakana moja kwa moja na kahawia nzito. Ukingo wa upande wa giza ulikuwa umepata nuru hafifu iliyodunda kutoka kwenye kanzu. Nilikunywa vikombe vinne, nikijifanya nina kiu.

Usiku ule umeme uliporudi, nilifuta vivuli vyote vya mchoro wangu nikabaki na rangi bapa. Niliamua kwamba mwanga unatoka juu kushoto na kwamba uamuzi huo haujadiliwi tena. Nikakichukulia kichwa kuwa chungwa, kiwiliwili kuwa sanduku lililochongwa pembe, na mikono kuwa vipande vya bomba, kisha kwa kila kimoja nikajiuliza ni uso upi umeelekea taa. Kanzu iliyokuwa na rangi saba ikabaki na tatu: nyeupe, buluu iliyopauka, na buluu nzito chini ya mkono na upande wa kulia. Kivuli cha mkono kilikuwa na unene wa pikseli mbili tu, na ni hizo mbili zilizofanya kazi ambayo rangi saba zilishindwa.

Ngozi ilinisumbua zaidi. Miongozo mingi niliyoisoma ilichukua ngozi ya waridi kuwa ndiyo ngozi, nami nilikuwa nikiongeza nyeusi kila nilipotaka kivuli, hadi sura ya mzee ikawa kama imepakwa majivu. Kivuli cha ngozi yetu huelekea wekundu wa zambarau na mwanga wake huelekea rangi ya chungwa. Pikseli moja ya mwanga kwenye paji la uso na moja puani zinatosha kabisa kwa kichwa cha ukubwa huo.

Vijana wengi wanaoniandikia hukimbilia rangi kabla ya umbo, na hapa nitasema bila kumumunya maneno: wingi wa rangi ni maficho. Waliotutangulia hawakuwa na pa kujificha. NES, mashine ya zamani ya gemu ya kampuni ya Nintendo, iliruhusu rangi tatu kwa kila kipande cha mhusika, na ya nne ilikuwa ni uwazi. Game Boy, mashine yao ya mkononi ya mwaka 1989, ilikuwa na ngazi nne tu za rangi kwa skrini nzima. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Nintendo aliyemuunda Mario, ameeleza kwamba mhusika huyo alipewa masharubu ili asihitaji kuchorewa mdomo, na kofia ili kukwepa nywele. Yaani hata sura ya mhusika maarufu kuliko wote ilitokana na kukubali kwamba nafasi haitoshi. Wewe una mamilioni ya rangi na bado askari wako hana shingo.

Kuna kosa la pili, ambalo nalitaja kwa ufupi: rangi zinapopangwa sambamba zikikumbatiana, kila mstari ukiishia pale pale ulipoishia mwenzake, jicho huona ngazi badala ya mviringo. Ifanye mistari hiyo itofautiane urefu.

Mzee wangu sasa ana rangi kumi, mstari wa nje ukiwemo, kutoka 23 za awali. Sikuwapelekea wale jamaa.

Na wewe uliyeniandikia, anza na kofia ya chuma. Ifute iwe rangi moja, weka mwanga wa pikseli tatu juu kushoto lakini usiguse ukingo, weka giza chini kulia, kisha uangushe kivuli cha kofia juu ya macho. Ukimaliza, nitumie picha katika ukubwa wake halisi, kwa kuwa hii ya kwanza uliikuza mara kumi, na hakuna mchezaji atakayemwona askari wako akiwa mkubwa hivyo.