Je, kanuni huzuia kampuni kupamba faida?

Kaka, umeuliza kama kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zinazizuia kampuni za Soko la Hisa la Nairobi kupamba faida. Zinapunguza, ila pia zinahamisha mchezo.

Chukua ile kanuni ya kutangaza kushuka kwa faida. Kampuni ikiona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi kuliko mwaka uliopita, lazima iutangazie umma. Tuseme mwaka jana ilipata faida ya shilingi milioni 800, na mwaka huu hesabu zinaonyesha milioni 590. Mpaka ni milioni 600, kwa hiyo lazima itangaze. Lakini mkuu wa fedha akipunguza tengo la madeni mabaya, yaani makadirio ya madeni ambayo huenda wateja hawatalipa, kwa milioni 15 tu (kodi tuiache kando), faida inafika milioni 605, na tangazo limekwepwa bila hata senti moja kuingia benki.

Wakaguzi wakibana makadirio hayo, wakubwa hugeukia shughuli zenyewe: matangazo ya biashara yanakatwa, matengenezo ya mashine yanasukumwa hadi Januari. Marekani ilionekana hivyo baada ya sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002, iliyokaza udhibiti wa hesabu za kampuni. Kwangu hili ni baya zaidi, maana hapo kampuni inaumia kwelikweli.

Kwa hiyo ripoti ikitoka, usiishie kwenye faida. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha fedha zilizoingia na kutoka kweli. Faida ikipanda miaka miwili mitatu huku fedha zinazotokana na uendeshaji wa biashara zikishuka, simama uulize kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Ni haki yako, hata kama una hisa 100 tu.