Bustani ya dinosaria ikijaa, laptopu inakwama

Swali: Hujambo fundi? Nina laptopu ya ex-UK yenye RAM ya GB 8 na kadi ya michoro. Nacheza Jurassic World Evolution 2. Bustani ikiwa ndogo mambo ni shwari, lakini ikishajaa dinosaria na wageni, picha zinakatakata. Muuzaji mmoja mjini ananiambia nibadilishe kadi. Nikubali? – Msomaji, Kasarani

Jibu: Usitoe hata shilingi kwanza, ndugu yangu. Kwenye laptopu nyingi kadi ya michoro imechomewa kwenye bodi, haichomoki kama ya kompyuta ya mezani. Anayesema ataibadilisha, akufungulie akuonyeshe ilipo kabla hujalipa.

Tena wewe mwenyewe umeshataja dalili: tabu inaanza bustani ikijaa. Gemu hii, ambayo Frontier ya Uingereza iliitoa mwaka 2021, haichori picha tu. Kila dinosaria ana njaa na kiu yake, ana eneo lake, na akiingiliwa na jirani anapigana. Magari ya walinzi yanazunguka, wageni wanatembea. Hesabu zote hizo hubebwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, si kadi ya michoro.

Hakikisha hivi. Fungua ile bustani iliyojaa, peleka kamera panapokatakata, sitisha muda ndani ya gemu, kisha zungusha kamera. Picha zikilainika, anayelemewa ni prosesa. Zisipobadilika, teremsha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Zikipata nafuu, basi kadi ndiyo inayochoka.

Ikiwa ni prosesa, anza na joto. Wiki iliyopita nilifungua laptopu ya mteja: kati ya feni na mapezi ya shaba, vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Nililibandua zima zima kwa kibano. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi isiungue, na mashine zilizotumika mara nyingi huja na vumbi la miaka pamoja na pesti (ule mchanganyiko unaopakwa juu ya prosesa kupitisha joto) iliyokauka. Isafishwe, ipakwe pesti mpya. Na ucheze ikiwa kwenye chaja, maana kwa betri pekee nyingi hupunguza kasi.

RAM nayo, GB 8 ni finyu. Kukiwa na nafasi ya pili, ongeza kijiti kingine cha GB 8.

Baada ya kila hatua, rudia jaribio kwenye bustani ileile, kamera ikiwa palepale.