Shilingi mbili zilizopotea kwenye seli

Hesabu za kikoba chetu naziweka kwenye Emacs, kihariri cha maandishi, ndani ya SES, ile modi inayokigeuza kihariri hicho kuwa jedwali la hesabu. Mwaka juzi watu watatu walitakiwa kugawana faida ya shilingi 200,000. Nikasoma kwa sauti: 66,666, na 66,666, na 66,666, jumla 200,000. Mama mmoja aliyekuwa anajumlisha kwenye simu akaniangalia. "Mwanangu, mimi napata 199,998. Mbili ziko wapi?"

Hakuna aliyezichukua. Kila seli ilikuwa na thamani kamili pamoja na desimali zake, na jumla ilipigwa kutoka thamani hizo. Fanksheni yangu (kipande cha programu) ya kuonyesha namba ndiyo iliyokata mkia. Nilitumia "%d", na katika Emacs Lisp, lugha ya programu ya Emacs, "%d" ikipewa namba yenye desimali huitupa sehemu ya baada ya nukta, haikadirii kwenda namba nzima iliyo karibu. Jaribu kuwaeleza hayo watu wanaosubiri pesa zao.

Fanksheni ya aina hii SES huiita printa, ingawa haihusiani na mashine ya kuchapa. Kazi yake ni kupokea thamani ya seli na kurudisha maandishi ya kuonyeshwa. Ukibonyeza p unaiwekea seli moja, M-p safu nzima ya wima, na C-c C-p jedwali zima (M ni Alt, C ni Ctrl). Ya seli hutangulia, kisha ya safu, mwisho ya jedwali. Usipoweka yoyote utapata "%.7g", ambayo kwa shilingi haifai kabisa: milioni kumi na mbili na nusu itasomeka 1.25e+07. Kwa hiyo sisi wa fedha zenye sifuri nyingi lazima tuandike ya kwetu.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: printa isikadirie namba. Kukadiria ni hesabu, na mahali pa hesabu ni kwenye fomula, ambako seli nyingine zitaiona. Faida yote ikiwa kwenye seli B1, mgao wetu sasa una (round (/ B1 3.0)) kwa wawili wa kwanza, walio B2 na B3, na wa tatu anapata kinachobaki, (- B1 B2 B3). Yaani 66,667, 66,667 na 66,666. Hiyo .0 usiisahau, kwa sababu Emacs Lisp ikigawanya namba nzima kwa namba nzima hukupa namba nzima, na salio linapotea kimya kimya.

Printa yenyewe ninayoitumia ni hii:

(defun shilingi (x)
  (cond
   ((numberp x)
    (let ((s (format (if (= x (round x)) "%d" "%.2f") x)))
      (while (string-match "\\(.*[0-9]\\)\\([0-9][0-9][0-9].*\\)" s)
        (setq s (concat (match-string 1 s) "," (match-string 2 s))))
      s))
   ((null x) "")
   ((stringp x) (list x))
   (t (format "%S" x))))

Namba nzima inatoka na mikato yake. Yenye senti inaonyesha senti, makusudi kabisa, ili nikisahau kukadiria kwenye fomula nione kasoro kabla mkutano haujaanza. Neno kama "bado" linarudishwa ndani ya orodha, na SES ikipata orodha hulaza maandishi kushoto. Ikipata maandishi yasiyo ndani ya orodha huyasukuma kulia, ambako namba zinapaswa kukaa. Mstari wa mwisho ni wa chochote nisichokitarajia: kionyeshwe kilivyo, kisifichwe.

Anza daima na numberp, yaani kuuliza kama thamani ni namba. Seli tupu haileti sifuri, na ukiilinganisha na namba moja kwa moja fanksheni itaanguka. Printa ikianguka SES hukuonyesha thamani ghafi badala yake, na kwa haraka unaweza usigundue.

Upana nao uangalie. Mikato inaongeza herufi, na namba isiyotosha kwenye safu, ikiwa jirani yake si tupu, hugeuka kuwa alama za ####. Seli ambayo fomula yake imekosea pia huonekana hivyo hivyo, basi usikimbilie kurekebisha fomula. Bonyeza w kwanza, panua safu, uone.

Ukimpa mwenzako faili, kumbuka kwamba fanksheni shilingi iko kwenye mipangilio yako, si ndani ya faili. Kwa jedwali la pamoja tumia ses-define-local-printer, inayohifadhi printa ndani ya jedwali lenyewe. Faili likifunguliwa kwake, SES huikagua kila fomula na kila printa inapotumika mara ya kwanza, na ikiitilia shaka humwonyesha na kumuuliza Y (kubali) au N (kataa). Mwambie mapema, asije akabonyeza N kwa woga. Na wewe ukiletewa faili la mtu, soma kwanza ndipo ujibu.

Kabla ya kuitumia printa mpya kwenye hesabu za watu, mimi huipitisha kwenye safu ya majaribio yenye seli tupu, 0, -4500, 66666.67, 12500000 na neno "bado". Ile "%d" ingenaswa kwenye seli ya nne.