Nakala rudufu ya Home Assistant: kilichomo kwenye faili na kinachobaki nje

Ukikabidhiwa nyumba inayoendeshwa na Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumba) kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja), acha kwanza taa na mapazia, angalia mfumo umekaa kwenye nini. Mara nyingi ni kadi ya SD, na kadi hiyo inaandikwa mchana na usiku, kwa sababu kila kihisi kinapobadilika hifadhidata huongezewa mstari. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huharibika. Kadi ikichoka kabisa hugoma kuandika bila kusema: unabadilisha mpangilio, unawasha upya, mabadiliko hayapo. Siku hiyo ndipo simu ya mteja inapoita.

Tunazungumzia hapa Home Assistant OS, maana ndiyo inayofungwa na wengi. Anayeiendesha kama kontena, yaani ndani ya mfumo mwingine, ajue kwamba Zigbee2MQTT (inayounganisha vifaa vya Zigbee, yaani vya redio ya nyumbani isiyo Wi-Fi) na Mosquitto (inayopitisha ujumbe wa MQTT kati ya vifaa na mfumo) haziingii kwenye nakala yake. Kila moja inataka kuhifadhiwa kivyake.

Nakala za kila siku zinawashwa kwenye Settings, kisha System, kisha Backups. Ukiuachia mfumo ujichagulie saa, huifanya kazi hiyo kati ya saa 10:45 na saa 11:45 alfajiri, baada ya usafi wa hifadhidata ambao hufanyika saa 10:12. Chagua programu zote za nyongeza, usichague baadhi, kwa sababu ile utakayoiacha ndiyo itakayohitajika. Usibakize nakala tatu tu. Hitilafu iliyoingia Jumatatu ikigundulika Ijumaa, nakala zote tatu zitakuwa nayo. Weka saba za kila siku, na mara moja kwa mwezi pakua moja kwa mkono uiweke pembeni.

Wengi huondoa historia ili faili liwe jepesi. Kwa nyumba ya taa na milango tu, sawa. Lakini kama mwenye nyumba anafuatilia matumizi ya umeme ili ajue uniti za LUKU zinaishia wapi, usiiondoe: takwimu za muda mrefu za umeme zimo kwenye hifadhidata hiyohiyo, home-assistant_v2.db. Kumbukumbu za kina hufutwa zenyewe baada ya siku 10 usipobadilisha chochote, ila hizo takwimu za jumla hubaki miaka na miaka, na zikipotea hakuna pa kuzitoa. Kama hifadhidata imehamishiwa MariaDB (programu nyingine ya hifadhidata), basi data iko ndani ya programu hiyo ya nyongeza. Ukiisahau kwenye orodha, umehifadhi nyumba isiyo na kumbukumbu.

Faili lenyewe ni .tar ya kawaida, na unaweza kulichungulia kwenye kompyuta yoyote kwa amri ya tar -tf ukifuatisha jina la faili. Utaona orodha ya namna hii:

./backup.json
./homeassistant.tar.gz
./core_mosquitto.tar.gz
./45df7312_zigbee2mqtt.tar.gz

backup.json inasomeka bila nywila: ina tarehe, toleo la mfumo, na kama nakala imefungwa kwa usimbaji. Usipoona homeassistant.tar.gz, hiyo ni nakala ya programu za nyongeza tu, haitakurudishia otomesheni (amri zinazojiendesha zenyewe) wala majina ya vifaa. Ni ukaguzi wa dakika moja, ufanye kila unapotembelea nyumba.

Hizo .tar.gz za ndani kwa kawaida zimesimbwa, hazisomeki bila ufunguo. Tangu toleo la 2025.1, nakala za kiotomatiki hufungwa kwa ufunguo ambao mfumo unautengeneza wenyewe na kukupa kama faili la dharura la kupakua. Fundi wengi hubofya na kuendelea. Ufunguo unakaa ndani ya mashine ileile, kwa hiyo mashine ikifa bila ufunguo kunakiliwa kwingine, nakala zako zote saba ni takataka, hakuna wa kuzifungua. Uchapishe kwenye karatasi, umpe mwenye nyumba, na uweke wa pili kwenye programu ya kutunzia nywila. Ukiubadilisha ufunguo, usiutupe wa zamani; nakala zilizofanywa kabla ya siku hiyo bado zinautaka huo.

Mahali pa kuweka: nakala iliyobaki kwenye kadi ya SD hufa pamoja na kadi. Ongeza hifadhi ya mtandao, iwe NAS (diski ya kwenye mtandao wa nyumbani) au kompyuta iliyoshirikisha folda, kupitia Storage kwenye menyu hiyohiyo ya System, kisha ongeza na sehemu moja nje ya nyumba, kama Google Drive. Home Assistant Cloud nayo inapokea nakala, lakini inabakiza ya mwisho tu, hivyo usiitegemee peke yake.

Zigbee ndiko wanaoanza wanakoumia. Ufunguo wa mtandao, namba ya PAN (kitambulisho cha mtandao), chaneli (kati ya 11 na 26) na anwani ya mratibu vimeandikwa ndani ya mratibu mwenyewe, yaani kidude cha USB kinachoongoza mtandao wa Zigbee. Kadi ikifa na kidude kikawa kizima, mambo ni mepesi: kichomeke kwenye mashine mpya, rejesha nakala, vifaa vitaitika bila kuunganishwa upya. Kidude kikifa, unategemea faili. Kwa Zigbee2MQTT ni coordinator_backup.json, iliyo folda moja na configuration.yaml na database.db, zikose moja na kazi inaanza upya. ZHA, njia ya Zigbee iliyomo ndani ya Home Assistant yenyewe, huweka nakala zake yenyewe, na kwenye mipangilio yake unaweza kupakua ya sasa hivi.

Faili hilo la mratibu likiwa la zamani sana, utaona jambo linalochanganya: kifaa kipo kwenye orodha lakini hakitii. Sababu ni hesabu ya ujumbe. Kila ujumbe wa Zigbee una namba inayopanda, na kifaa hukataa ujumbe wenye namba ndogo kuliko ule wa mwisho kiliousikia, ili mtu asirudie amri aliyoinasa hewani. Dawa ni kukiunganisha upya bila kukifuta kwenye orodha. Anwani yake ni ileile, hivyo kitarudi na jina lake na otomesheni zake. Ukikifuta kwanza, umejiongezea kazi.

Ukinunua kidude kipya, nunua chenye chipu ya familia ileile. ZHA inaweza kuhamisha mtandao kutoka chipu ya kampuni moja hadi nyingine, lakini Zigbee2MQTT usiitarajie hivyo. Na kidude cha zamani kichomoe kabisa kabla kipya hakijawashwa, kwa sababu waratibu wawili wenye anwani moja wataufanya mtandao wote uyumbe. Kwenye mipangilio tumia njia inayoanzia /dev/serial/by-id/, siyo /dev/ttyUSB0, maana hiyo namba ya mwisho hubadilika ukihamisha mashine au ukiongeza kifaa kingine cha USB. Kidude kichomeke kwa waya wa kurefusha kwenye tundu la USB 2. Matundu ya USB 3 yana kelele inayoangukia masafa ya 2.4 GHz, na wengi hulaumu urejeshaji kwa vifaa vinavyopotea-potea kumbe tatizo ni tundu.

Vifaa vya Wi-Fi vya akaunti, kama vile vya Tuya, ni habari nyingine. Mpangilio wao umo kwenye akaunti ya mtandaoni ya mtengenezaji, nakala yako inabeba ruhusa tu ya kuingia, na ruhusa hiyo ikipitwa na wakati utaombwa kuingia upya. Sajili akaunti kwa barua pepe ya mwenye nyumba, kamwe isiwe yako fundi. Ukiondoka, nyumba isiondoke nawe. Kama unaviendesha kwa ufunguo wa ndani bila intaneti, kumbuka ufunguo huo hubadilika kila kifaa kinapounganishwa upya kwenye akaunti. Vyenye Tasmota (programu huria inayowekwa ndani ya kifaa) vina kitufe chao cha Backup Configuration kinachotoa faili la .dmp, na vya ESPHome, programu nyingine ya aina hiyo, vinategemea YAML (faili za mipangilio) zilizomo kwenye nakala kuu.

Sasa kurejesha. Tumia kadi mpya ya GB 32 au zaidi, ya daraja la A2, au afadhali SSD. Andika picha ya mfumo (image) ya Home Assistant OS inayolingana na ubao wako kwa Raspberry Pi Imager. Unganisha mashine kwa waya wa mtandao, kidude cha Zigbee kikiwa mahali pake, kisha washa. Mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi dakika 20. Fungua homeassistant.local:8123, na badala ya kuunda nyumba mpya chagua kupakia nakala. Pakia ukiwa ndani ya mtandao wa nyumbani. Ukiingia kutoka nje kupitia Cloudflare (huduma ya kupitishia mawasiliano ya intaneti) kwa mpango wa bure, faili linalozidi MB 100 hukataliwa.

Kuanzia hapo subira. Ndani ya nakala mna mipangilio ya programu za nyongeza, programu zenyewe zinapakuliwa upya kutoka intaneti, kwa hiyo andaa bando la mamia ya MB kwenda juu. Ukurasa unaweza kuganda au kuonyesha hitilafu ilhali kazi inaendelea nyuma. Ukichomoa umeme hapo, unaanza tena na kadi. Ikikamilika, ingia kwa jina na nywila za zamani; akaunti zote zimerudi kama zilivyokuwa. Usirejeshe nakala ya toleo jipya kwenye mfumo wa zamani, kwani hifadhidata hairudi nyuma.

Mashine mpya ina anwani mpya ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao), hivyo ruta itaipa IP nyingine. Vifaa vya MQTT vilivyoandikiwa IP ya zamani vitanyamaza hadi uiwekee mashine mpya IP ileile kwenye ruta. Hili peke yake huzaa malalamiko mengi ya "nimerejesha lakini haifanyi kazi".

Jaribu urejeshaji kabla ya siku ya dharura, kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa) ndani ya kompyuta yako, bila kidude cha Zigbee. Iweke kwenye mtandao wa pembeni wenye intaneti, usioweza kufikia vifaa vya nyumba, na zima otomesheni mara tu inapowaka. La sivyo mifumo miwili itaamrisha vifaa vilevile, taa ziwashwe na huu zizimwe na ule. Angalia watumiaji, otomesheni, na grafu ya umeme ya mwezi uliopita. Ukimaliza, ifute mashine hiyo, maana secrets.yaml iliyomo ndani ina nywila za mwenye nyumba.