Wenzenu wamegoma, lori limekuja kuwachukua nyinyi

Maswali ya migomo ya mashambani hapa Uganda yamejaa, najibu haya machache.

"Lori limefika hapa makazi ya wakimbizi ya Kyaka II linatafuta wachumaji wa chai, tunasikia wenyewe wamegoma. Mimi mkimbizi, nikienda nina kosa?"

Ndugu yangu, kufanya kazi si kosa, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu. Ila kabla hujapanda uliza kilo ni shilingi ngapi na mgomo ukiisha nani atakurudisha. Mimi nimekulia kambi ya chai, nimewaona walioletwa hivyo, vidole vimepasuka, karani anamwaga nusu ya kikapu eti majani magumu, yeye anataka majani mawili na chipukizi basi, mtu anashinda juani analipwa kilo 7. Iliniuma sana.

"Nimekata miwa miezi sita huku Busoga bila karatasi. Tumegoma, sasa nyapara anasema mimi kibarua tu, nafasi imeshachukuliwa."

Anakudanganya, kaka. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema ukibarua mwisho miezi 4, baada ya hapo unastahili mkataba wa maandishi. Na kugoma ni haki yako kwenye Katiba, ibara ya 40, lakini kwa kufuata sheria, yaani mgogoro ufike kwanza kwa afisa wa leba, na hapo ndipo wengi tunakwama maana tunaweka panga chini asubuhi moja bila barua yoyote halafu bosi anapata la kusema. Nenda leo leo kwa afisa wa leba wa wilaya, beba meseji za mobile money ulizolipwa, zinaonyesha tarehe. Watafute na NUPAWU, ndio chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa.

"Nina eka kumi za chai Kabarole, majani yanazeeka. Nisipoleta watu wengine nitakula nini?"

Nakuelewa mzee wangu, chai haingoji. Lakini ILO, shirika la kazi la dunia, linahesabu kuajiri watu wa kuziba nafasi za wanaogoma kuwa ni kuvunja haki yao, isipokuwa kwenye kazi kama za hospitali ambako watu wangekufa. Kima cha chini cha mshahara hapa kwetu ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, sasa hao watu wakuambie vipi kama si kwa kugoma? Kaeni pale kwenye mizani muongee, mara nyingi ugomvi unaanzia hapo hapo, kilo zinazokatwa.

"Marekani je?"

Sheria yao ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 iliwaacha nje watu wa mashamba. Wachumaji zabibu wa Delano, California, waligoma 1965, matajiri wakaleta wengine, mikataba ikaja 1970.

"Tuwarushie mawe walioletwa?"

Hapana, hapana kabisa! Hao wana njaa kama nyinyi. Waendeeni jioni, waonyesheni karatasi zenu za malipo, waambieni mnadai nini, wengi wao waliambiwa tu kuna kazi, neno mgomo hawakulisikia.